Vumbi la Makumbi na Wenye Vitalu wa Ng'ambo

(Maneno ya hotuba iliyotolewa Garsen)



Nimeombwa niseme nanyi habari ya kitu ambacho kila mtu wa pwani amekiona tangu utoto wake, wala hakukihesabu kuwa mali. Mtu akifua nazi, kumbi hulitupa. Likipata bahati hutiwa motoni chini ya sufuria, au huchomwa jioni ili moshi wake ufukuze mbu. Zile nyuzi zake, yaani usumba, zina heshima yake ya zamani, maana ndizo zilizosokotwa kamba za vyombo na kamba za vitanda. Lakini kati ya nyuzi hizo mna kitu kingine: unga wa rangi ya kahawia, mwepesi sana, unaomwagika usumba unapopondwa. Huo ndio niliokuja kuueleza. Katika barua za wafanya biashara una majina mengi ya kigeni. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri, nimejaribu majina matatu nikaridhika na hili: vumbi la makumbi.

Kwa uzani, karibu thuluthi moja ya kumbi ni usumba, na thuluthi mbili ni vumbi. Kwa hiyo aliyechukua usumba peke yake alikuwa akitupa sehemu iliyo kubwa zaidi.

Vumbi hilo hunywa maji mara nyingi kuliko uzito wake, na juu ya hayo halishikamani kama matope. Hewa hupita ndani yake, na mzizi mchanga hupata maji na pumzi pamoja. Ndiyo sababu wenye vitalu hulitaka kwa kuoteshea mbegu na kwa kutilia vipandikizi mpaka viote mizizi. Watunza bustani wa Uingereza walilitumia katika miaka ya 1860, kisha wakaliacha, wakashika udongo mweusi unaochimbwa katika vinamasi vya nchi za baridi, uitwao piti. Lakini kinamasi kikichimbwa hakirudi katika umri wa mtu, na kaboni iliyolala humo maelfu ya miaka hutoka ikaingia hewani. Mwaka 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kukomesha uuzaji wa piti kwa watunza bustani wa nyumbani katika England. Sheria yenyewe ilikawia, ila wenye bustani walikwisha anza kutafuta kitu cha badala yake. Huko Uholanzi, baadhi ya nyanya za nyumba za kioo huota katika mifuko ya vumbi la makumbi. Walio mbele katika biashara hii ni India na Sri Lanka.

Basi mtu atauliza: kama wao wanaweza, mbona sisi tusiweze? Nazi zipo Kwale, zipo Kilifi, zipo Lamu, na kwetu zipo kiasi huko Kipini. Swali ni jema, lakini jibu lake limo katika neno moja ambalo naomba mnisikilize vizuri, nalo ni chumvi.

Mnazi hupenda pwani, na kumbi lake hubeba chumvi na potasiamu nyingi kwa asili yake. Tena, desturi ya zamani ya kutengeneza usumba huzidisha jambo hilo. Bibi zetu wa pwani, kama wale wa Unguja hata leo, huyafukia makumbi ufuoni, mahali ambapo maji ya bahari hujaa na kupwa, yakae miezi mingi mpaka yaoze na kulainika, ndipo huyafukua na kuyaponda. Kwa kamba, njia hiyo ni njema kabisa. Kwa mche ni sumu. Makumbi yaliyofukiwa baharini yakichanganywa na yale makavu katika mzigo mmoja, mzigo wote umeharibika, wala jicho halitaona tofauti. Mwenye kitalu wa ng'ambo ataiona siku ya kumi, miche yake itakapoungua ncha za majani.

Dawa yake ni maji matamu, na hapo ndipo Tana inapoingia katika maneno yangu. Vumbi huoshwa kwa maji matamu tena na tena. Kisha, kwa lile la miche michanga, huloweshwa katika maji yaliyoyeyushwa kalsiamu naitreti, kwa sababu chumvi nyingine imeng'ang'ania ndani ya vumbi lenyewe, wala maji matupu hayaing'oi. Kalsiamu huingia mahali pake na kuisukuma nje, halafu vumbi husuuzwa tena. Mnunuzi hupima chumvi kwa chombo kidogo kinachopitisha umeme katika maji yaliyokamuliwa vumbini, na namba ikizidi kipimo chake hataki kusikia hadithi.

Wakulima wengi wa pwani wana minazi lakini maji yao ni ya kisima chenye chumvi. Sisi wa Garsen tuna mto mrefu kuliko yote ya Kenya ukipita mlangoni. Hata hivyo yapasa kuchagua mahali. Watu wa Ozi na Kipini wanajua jinsi bahari inavyopanda mtoni wakati wa kiangazi mto unapopungua, hata mashamba ya mpunga yakaharibika. Kuosha makumbi huko ni kuyatia chumvi mara ya pili. Kazi hii yafaa ifanywe juu, mahali ambapo maji ya bahari hayafiki, na maji yavutwe kwa pampu na kuachwa yatulie tope lake katika birika. (Wala sina haja ya kuwaeleza watu wa Tana kwa nini mtu asisimame mtoni na kapu la makumbi, mamba hawajali biashara.) Maji machafu yaliyotoka katika kuosha yasirudishwe shambani kwa mtu, maana chumvi ile haikupotea, imehama tu.

Sasa sheria. Nchi za Ulaya hazikubali udongo wa kwetu uingie kwao, wala takriban kitu chochote cha asili ya mimea cha kuoteshea. Lakini katika kanuni zao zinazotumika tangu Desemba 2019 wametoa ruhusa kwa vitu viwili: piti, na nyuzi za mnazi, kwa sharti kwamba havijapata kutumika kwa kupanda mmea wala kwa kazi yoyote ya kilimo. Ruhusa hiyo ni mlango mwembamba. Vumbi likianikwa chini juu ya udongo, mkapita mbuzi, zikaanguka mbegu za magugu, au mtu akaongeza gunia la vumbi alilokwisha otesha mchicha, halimo tena katika ruhusa. Kwa hiyo lianikwe juu ya sakafu ya saruji iliyozungushiwa uzio, tena mahali pa juu. Wanaokumbuka mafuriko ya 1997 na 1998, na yale ya 2023, hawataniuliza sababu.

Msifikiri kwamba wenzetu ni wakali bure. Mwaka 2003 vipandikizi vya maua ya pelagoniamu vilivyotoka Kenya vilifika Marekani vikiwa na bakteria wa mnyauko, wale wale wanaoharibu viazi. Mimea mingi ikateketezwa katika vitalu vya watu ambao hawakuwa na kosa lolote, na habari hiyo haikutaja mfanya kazi fulani wala siku fulani, ilitaja Kenya. Mzigo mmoja wa Garsen ukiwa mbaya, wa Kilifi naye atakosa mnunuzi.

Sitaki niwadanganye juu ya faida. Vumbi kavu hukandamizwa kwa mashine kuwa tofali la kilo 5, nalo likitiwa maji hufumuka kufikia lita 70 hivi. Bila mashine hiyo mtu anasafirisha hewa hadi Mombasa, njia ya zaidi ya kilomita 200. Minazi ya Tana River peke yake haitoshi kulisha mashine kila siku; itabidi makumbi mengine yanunuliwe Kilifi na Lamu. Na akina mama watauliza watapikia nini makumbi yakiuzwa. Swali hilo ni la haki, lijibiwe kabla ya kununua mashine.

Mimi ningeanza nyumbani. Wenye vitalu vya miembe kando ya mto wanahitaji kitu chepesi cha kuoteshea, na mche ni mpimaji mwaminifu. Twaa vumbi uliloosha, tia katika kopo, na mchanga safi wa mto katika kopo la pili. Panda mbegu za mchicha hamsini kila kopo, nyeshea sawasawa, kisha hesabu zilizoota baada ya siku saba. Kopo la vumbi likishindwa, rudi ukaoshe.

Mzigo utakapokuwa tayari, cheti cha afya ya mimea hutolewa na KEPHIS, ambao wana ofisi Mombasa. Waarifuni mapema, kabla ya kontena kufungwa, ili mkaguzi aone na achukue kidogo cha kupima. Tena mbao za kuwekea matofali ziwe zimepashwa moto kwa kipimo cha kimataifa, digrii 56 kwa dakika 30, na ziwe na alama yake.

Walio na makumbi sasa hivi wanione hapa kabla hawajaondoka. Nitaandika kila mmoja anakaa wapi, na kama makumbi yake yamepata kuguswa na maji ya bahari.