Jinsi Mji Unavyochagua Kazi za Kutanguliza

Wazee walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Serikali ya mji hushikwa na mambo mengi kuliko mawili. Mtaa huu wataka maji, ule wataka barabara, wa tatu wataka zahanati, na fedha zilizomo katika hazina hazitoshi kuyatimiza yote. Hotuba hii itaeleza jinsi mji unavyoweza kuchagua kazi za kutanguliza, na jinsi raia wanavyoweza kujua kama zimefanywa. Mfano ni mji wa Porto Alegre, ulioko kusini mwa nchi ya Brazili, wenye watu zaidi ya milioni moja.

Katika mwaka wa 1989 Bwana Olívio Dutra alishika kazi ya Umeya katika mji huo. Aliona kwamba mishahara ilikuwa ikila karibu mapato yote, na kilichobaki cha kujengea kilikuwa kidogo sana. Mitaa mingi ya maskini haikuwa na mifereji ya maji machafu wala barabara nzuri. Basi wenyeji waliitwa mikutanoni waseme wenyewe haja zao. Wakasema, na maneno yao yakaandikwa. Lakini fedha hazikuwapo, na kazi zilizotendeka zilikuwa chache. Mwaka uliofuata watu walipungua mikutanoni. Nani angewalaumu? Mtu aliyetoka kazini jioni akaenda kueleza shida yake, kisha asione hata sepeto moja ikichimba mtaani kwake, hana sababu ya kurudi.

Watawala walijifunza kwa jambo hilo. Kwanza walitengeneza upya kodi za mji, ili mapato yaongezeke. Pili waliweka kanuni ya kugawa fedha, ambayo kila mtu aliweza kuifahamu. Mji uligawanywa sehemu 16, na wenyeji wa kila sehemu walipanga haja zao kwa daraja: ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Kisha zilitolewa alama kwa mambo matatu, yaani daraja ambayo wenyeji waliipa kazi ile, ukubwa wa upungufu wa kitu hicho, na wingi wa watu. Kwa hiyo sehemu ambayo nyumba nyingi hazikuwa na mifereji ilipata alama nyingi kuliko sehemu iliyokwisha pata mifereji, hata kama hii ya pili ilikuwa na wasemaji hodari zaidi.

Baada ya hayo kazi zote zilizokubaliwa zilipigwa chapa katika kitabu, sehemu kwa sehemu, na kitabu hicho kiligawiwa watu. Katika mikutano ya mwaka uliofuata watawala walisimama mbele ya wenyeji kueleza yaliyotendeka na yasiyotendeka. Mwananchi aliweza kukishika kitabu mkononi, akaulizia barabara ya mtaa wake.

Matunda yalionekana. Katika mwaka wa 1988 nyumba 75 katika kila mia ndizo zilizokuwa zimefikiwa na huduma za maji. Mwaka wa 1997 zilifika 98. Yafaa kukiangalia vema kipimo hicho. Hakikuhesabu fedha zilizotumiwa, wala mikutano iliyofanywa, wala urefu wa mabomba yaliyonunuliwa. Kilihesabu nyumba zilizopata huduma. Fedha zaweza kwisha zote na bomba likabaki kavu.

Lakini kanuni njema haijilindi yenyewe. Katika mwaka wa 2017 watawala wa Porto Alegre waliisimamisha mikutano hiyo kwa muda. Jambo lililojengwa kwa miaka mingi laweza kulegea, ikiwa ahadi haziandamani na fedha, na ikiwa wenyeji wamechoka kuuliza.

Katika Kenya nako sheria imefungua mlango. Katiba ya mwaka wa 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Sheria za mwaka wa 2012 zaitaka kila kaunti, na Nairobi yenye wadi 85 ikiwa mojawapo, iwe na mpango wa miaka mitano na mpango wa kila mwaka, na kwamba fedha za maendeleo zisipungue asilimia 30 ya matumizi katika kipindi cha miaka kadhaa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, nayo mashauri hufanywa kabla ya hapo.

Basi mwananchi anapoitwa mkutanoni, na aende na maswali matatu. Ni kazi gani iliyotangulizwa, na kwa sababu gani? Ni nyumba ngapi zitakazofaidika? Na mwaka ujao, ni nani atakayesimama hapa kutoa hesabu yake?