Msitu Unaolipa Bila Kukatwa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Kabuchai baada ya ziara ya Karura)

 

Mlitutuma tukaone, na leo tumerudi na ripoti. Tulikwenda Msitu wa Karura, Nairobi, mahali ambapo watu hulipa pesa ili waendeshe baiskeli katikati ya miti. Tunajua mnacheka. Hata sisi tulicheka. Kwetu baiskeli imekuwa punda: imebeba mahindi hadi soko la Chwele, imebeba wagonjwa, imesomesha watoto wa bodaboda kabla pikipiki hazijaingia. Sasa mtu alipe, azunguke, arudi pale pale alipoanzia, bila hata gunia moja?

Jameni, tuliyaona. Getini kuna baiskeli za kukodi, zenye tairi nene na gia. Njia zimepita msituni, na kwenye njia panda kuna nguzo yenye namba ili mgeni asipotee. Tulifika kwenye maporomoko ya maji na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Mama mmoja wetu, mwenye wajukuu, hakuwahi kupanda baiskeli, maana utotoni aliambiwa si adabu kwa msichana. Alianguka mara mbili. Mara ya tatu akaenda, huku akipiga vigelegele.

Msitu huo, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulikaribia kupotea. Miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu wa kujenga majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda kupanda miti, akapigwa hadi akatokwa damu kichwani. Hakuacha. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini hata baada ya viwanja kuzuiwa, watu waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya majambazi. Sheria ya Misitu ya 2005 ikafungua mlango: wananchi wanaweza kuunda chama na kutunza msitu pamoja na serikali. Sheria ya 2016 imeendeleza jambo hilo. Marafiki wa Karura wakajiunga, ua ukajengwa, na vijana wa mtaa jirani wa Huruma wakapata kazi ya ulinzi. Watu wakarudi, na pesa zikafuata.

Tukiwa garini kurudi, mzee mmoja alisema, "Nikisikia 'hifadhi msitu', mimi nasikia 'ondoka'." Gari lilinyamaza. Tulimwelewa. Vita vya ardhi vya Mlima Elgon, 2006 hadi 2008, vilifukuza watu makwao, na wengine hawakurudi. Hatuwezi kuzungumza juu ya miti tukasahau watu.

Lakini Mto Kuywa tunaokunywa unatoka mlima huo huo. Msitu ukiisha, hata aliye na hati ya shamba atakosa maji.

Kwa hiyo tunasema wazi: tusikope pesa kununua baiskeli za wageni. Nairobi ina watu wengi wenye pesa ya starehe. Sisi tuko mbali nao. Cha kuiga ni mpangilio. Kule wananchi walikaa mezani na serikali, wakajua nani analinda na pesa zinakwenda wapi. Wanaopakana na msitu wajiunge na chama chao sasa, mipango ikiwa bado inaandikwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Na sisi wa huku chini tuanze na miti ya kienyeji kando ya mto. Tukipanda mikaratusi pale, itakunywa maji yetu.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Kwetu, nani anafaidika na msitu, na nani anaumia?
2. Kikundi chetu kinaweza kutunza sehemu gani ya mto mwaka huu?
3. Mzee yule tungemjibuje?