Maji ya Jumapili Atachota Nani?



Tuko mwezi wa saba, kiangazi kimekaza. Vumbi linaingia hadi ndani ya sahani. Bomba likitoa maji saa nane ya usiku, tunashukuru. Watoto wako likizo, na wengi wanaomba Jumapili yenye raha kidogo. Ni ombi jema.

Fungueni Kumbukumbu la Torati 5:14. Musa anataja wanaopaswa kupumzika: wewe, mwana wako, binti yako, watumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, hata mgeni anayekaa kwako. Anataka mtumishi apumzike sawasawa na bwana wake. Mstari wa 15 unatoa sababu: Israeli nao walikuwa watumwa Misri. (Habari ya Sabato na siku ya kwanza, leo sibishani na ndugu Waadventista.)

Sasa tuangalie kwetu. Ibada imeisha saa saba. Papa anavua koti, anaketi kwenye kivuli. Mama, ambaye alisimama kwenye kwaya tangu asubuhi, anavua kitenge kizuri, anavaa cha zamani, anawasha makala. Binti anabeba bidoni ya lita 20. Kijana wa kazi hakufika kanisani kabisa, aliachwa kulinda nyumba. Jioni papa anashuhudia kwamba amepumzika katika Bwana. Amepumzika juu ya mgongo wa nani?

Ziko nyumba zinazofanya vizuri. Maji yanajazwa Jumamosi, na wavulana wanabeba pia. Sombe linapikwa siku hiyo hiyo. Jumapili ni kulipasha tu, na sombe lililolala mnajua utamu wake. Baada ya bugali papa anaosha sahani. Mnacheka! Saa kumi, jua likipungua, wanateremka wote kuelekea ziwani au kwa mgonjwa, wakiongea neno la asubuhi. Luka 24 inaonyesha wawili waliotembea hivyo kwenda Emau, siku ya kwanza ya juma. Yesu aliwafundisha njiani, lakini walimtambua walipoketi mezani.

Na sisi wachungaji tumepanga ibada, kikao cha wazee, mazoezi ya kwaya, semina, mpaka giza. Katika Marko 6:31 Yesu aliona wanafunzi hawana hata nafasi ya kula, akawaita kando wapumzike. Vikao vya kiangazi vihamie siku nyingine.

Muuguzi wa zamu, mlinzi, mama anayeuza ndizi ili watoto wale jioni, hao simhukumu hata mmoja. Wewe uliyewaajiri, wape siku yao.

Jumamosi hii, kabla jua halijatua, uliza nyumbani: maji ya kesho atachota nani? Likitajwa jina lile lile la juma lililopita, simama, chukua bidoni.