Mechi ya Msichana Ihesabiwe Sawa na ya Mvulana

Haya ni maneno ya afisa wa michezo wa kaunti alipozungumza na walimu, wazazi na kamati za michezo za wadi, katika kikao cha kukusanya maoni kuhusu mashindano ya tenisi ya vijana baina ya wadi.

 

Pendekezo mnalo mikononi. Kila wadi italeta timu ya watu wawili, msichana mmoja na mvulana mmoja. Wadi mbili zikikutana, zitacheza mechi tatu: wasichana peke yao, wavulana peke yao, kisha wote wanne waingie uwanjani pamoja, msichana na mvulana kila upande wa wavu. Kila mechi ni pointi moja. Mwenye pointi mbili ameshinda.

Nimesikia minong'ono. Kuna wanaosema tuanze na wavulana mwaka huu, wasichana wangoje bajeti ijayo. Wengine wanasema wasichana wacheze, lakini iwe ya kuonyesha tu, isihesabiwe. Maoni hayo nimeyaandika na yataenda mbele pamoja na mengine. Ila kabla hamjaamua, naomba niwaambie mpango huu umetoka wapi, kwa sababu haukubuniwa ofisini kwangu.

Katika mji wa Perth, magharibi mwa Australia, kulikuwa na mashindano yaliyoitwa Hopman Cup. Yalianza mwaka wa 1989. Nchi nane zilialikwa, kila nchi ikaleta mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na mechi zilikuwa tatu kama hizo zetu. Yalipewa jina la Harry Hopman, aliyeiongoza Australia kutwaa Davis Cup mara 16. Davis Cup ni ya wanaume peke yao, kwa hivyo mtu angeshangaa jina lake kufika huku. Lakini Hopman mwenyewe alikuwa ameshinda ubingwa wa Australia wa wachezaji mseto mara nne, akicheza na mkewe Nell. Alijua faida ya kuwa na mwenzako mzuri upande wa pili.

Mwaka wa 2001 Uswisi iliwaleta Perth Martina Hingis na kijana wa miaka 19 aitwaye Roger Federer. Leo jina mnalolijua ni la Federer. Siku zile Hingis ndiye aliyekuwa nambari moja duniani kwa wanawake, na Federer alikuwa bado hajashinda taji hata moja la mashindano makubwa ya wanaume. Uswisi ikachukua kombe. Katika timu ile mkubwa alikuwa dada.

Songa mbele hadi Januari 1, 2019, Uswisi dhidi ya Marekani. Federer alimshinda Frances Tiafoe. Serena Williams akamshinda Belinda Bencic kwa seti tatu. Ikawa moja kwa moja. Mechi ya wanne ndiyo ingeamua, na hapo ndipo Federer na Serena walipokutana uwanjani kwa mara ya kwanza, wote wakiwa na miaka 37. Uswisi ilishinda. Federer alisema baadaye kwamba mpira wa Serena anapouanzisha hausomeki, huwezi kujua unaelekea wapi.

Fainali ya mwaka huo ilikuwa kali zaidi. Federer alimshinda Alexander Zverev wa Ujerumani, Angelique Kerber akamshinda Bencic. Moja kwa moja tena. Mechi ya wanne ikaenda seti ya tatu, ikafika gemu ya mwisho ya kuamua, wakafungana nne kwa nne humo ndani. Pointi moja imebaki, na kila upande ukiipata ni bingwa. Uswisi ikaipata.

Sasa fikirini kama mwalimu wa timu. Ukiwa na mvulana hodari kama Federer na msichana hujamfundisha, unaingia uwanjani ukiwa umeshapoteza pointi moja. Katika mechi ya wanne, wapinzani watampelekea mpira yule asiyefundishwa, kila mara, mpaka mwisho. Hii ndiyo sababu naupenda mpango huu kuliko hotuba zote tunazotoa kuhusu usawa, na mimi nimetoa nyingi. Hauombi mtu awahurumie wasichana. Unamfanya mwalimu anayetaka kushinda aamke asubuhi kumtafuta msichana wa kufundisha.

Niseme na jambo langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwalimu, tulisafiri na wasichana sita kwenda mashindano fulani. Walibeba bendera kwenye gwaride na picha zikapigwa. Mechi zao ziliwekwa baada ya za wavulana, za wavulana zikachelewa, jua likazama. Tukaambiwa tutie sahihi kwamba za wasichana zimefutwa kwa sababu ya giza. Nilitia sahihi. Ndani ya basi tukirudi, mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa sisi tulikuja kufanya nini?" Sikuwa na jibu, nikajifanya nimelala. Ndiyo maana ratiba iliyo mbele yenu inaanza na mechi ya wasichana, saa mbili asubuhi. Mkitaka kubadilisha kitu kingine badilisheni, lakini hapo nitabishana nanyi.

Wanaosema iwe ya kuonyesha tu, sikilizeni yaliyoipata Hopman Cup yenyewe. Ilikuwa ya maonyesho. Watu walijaa, mabingwa walikuja, lakini haikumpa mchezaji pointi hata moja ya orodha ya ubora duniani. Ilipofika 2020, wanaume walianzishiwa mashindano yao ya timu, yenye pointi, na nafasi ya Perth ikachukuliwa. Kombe lililodumu miaka thelathini likaondoka kwenye ratiba pamoja na umati wake. Timu za mseto zilirudi Australia mwishoni mwa 2022 kwa jina la United Cup, na safari hiyo wanawake na wanaume wote walipata pointi. Jina la Hopman Cup nalo lilifufuliwa mwaka wa 2023 huko Nice, Ufaransa, na Croatia ikashinda. Mimi nasoma hivi: kisichohesabiwa hakikosi wa kukisogeza kando. Kwa hivyo pendekezo langu ni kwamba matokeo ya wadi, ya wasichana na ya wavulana, yatumike kuchagua timu ya kaunti.

Kuhusu fedha. Viwanja vyetu ni vichache, na kimoja nyavu zake zinajulikana hali yake. Mpango huu unahitaji uwanja mmoja tu kwa wadi mbili, na wachezaji wanne. Tutatumia seti fupi, kama walivyofanya Perth kwenye mechi ya wanne: wa kwanza kufika gemu nne ndiye mshindi wa seti, na wakifungana arubaini kwa arubaini, pointi inayofuata inamaliza gemu. Hakuna kungoja mpaka giza. Raketi nne zikipatikana, wadi mbili zimecheza. Michezo na viwanja ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kwa hivyo msikubali kuambiwa mngoje Nairobi.

Mzee mmoja aliniuliza pale mlangoni kama binti zetu wataweza. Mzee wangu, mwaka wa 2022 Angella Okutoyi, Mkenya, alishinda Wimbledon ya vijana katika mchezo wa wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji la vijana la ngazi hiyo kabla yake. Machi 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra. Mabinti wetu wanaweza. Kilichopungua ni mtu wa kuwarudishia mpira jioni baada ya shule.

Mama mmoja naye ameuliza kuhusu mavazi, na ni swali la haki. Msichana atacheza kwa suruali, sketi ndefu au hijabu, kama familia yake inavyoona vyema, mradi viatu visiharibu uwanja. Mwamuzi hatamrudisha mtu nyumbani kwa sababu ya nguo. Na timu yoyote itasafiri na mwalimu wa kike pamoja na wa kiume. Wadi isiyo na mwalimu wa kike atafute mzazi mmoja, nauli yake tumeiweka kwenye makadirio.

Wadi ambayo haina msichana anayejua tenisi isikate tamaa. Mlete anayerusha mawe vizuri au anayecheza mpira wa mikono, tuna wiki za mazoezi kabla ya kuanza.

Fomu za maoni ziko kwa msimamizi wa wadi yako. Anayependa kuzungumza kuliko kuandika, aingie ofisini, karani atamwandikia. Sasa nikae, niwasikilize. Mama aliye nyuma pale ameinua mkono tangu nianze kuongea, tuanze na yeye.