Habari Hii Umeipokea kwa Nani?

KHUTBA YA KWANZA



Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetupa masikio na macho na nyoyo, na atakayetuuliza tulivitumiaje. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, mkweli mwaminifu, pamoja na ahali zake na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Nakuusieni nyinyi, na kabla yenu naiusia nafsi yangu yenye makosa, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika yanayotoka vinywani mwetu na katika yanayoandikwa na vidole vyetu.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi wasikilizaji mlioko majumbani na katika madarasa! Leo napenda tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekizima kabla ya kuingia msikitini, au ilimpasa akizime. Nacho ni simu ya mkononi, pamoja na vyombo vya mtandao tunavyovifungua ndani yake usiku na mchana. Katika mji wetu wako wanaosema kwamba vyombo hivyo vyote ni fitina, mwenye dini avitupe. Na wako wanaoamini kila kinachotokea kwenye kioo cha simu, kana kwamba kimeteremshwa kutoka mbinguni. Mimi siko pamoja na hawa wala na wale. Rai yangu ni kwamba kila chombo kipimwe kwa swali moja, na swali hilo nilifundishwa na mzee mmoja siku niliyoaibika.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu unakaribia. Nililetewa katika simu hadithi isemayo kwamba mtu wa kwanza kuwapa wenzake habari za kuingia mwezi huo Moto unaharamishwa kwake. Ilikuwa imeandikwa vizuri, jina la Mtume (S.A.W.) limo, na maneno ya Kiarabu yamo. Nikaipenda, na Ijumaa ile nikaisema juu ya mimbari. Baada ya Sala mzee mmoja alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ile hadithi umeipokea kwa nani?" Nikamjibu, "Nimeipata katika simu, mzee wangu." Akasema, "Nayo simu, iliipokea kwa nani?"

Sikuwa na jawabu. Nilirudi nyumbani nikapekua Bukhari na Muslim, kisha vitabu vinne vya Sunan, nisiione. Nikawauliza walio wajuzi kuliko mimi, wakaniambia kuwa maneno hayo hayana asili, na kwamba wanavyuoni wamekwisha kuyatahadharisha. Hueneza watu wakiyafunga mara kwa Rajabu, mara kwa Ramadhani. Ijumaa iliyofuata nikapanda mimbari nikakiri kosa langu. Nilidhani jambo limekwisha. Lakini kijana mmoja, mwanafunzi wangu, alinifuata akaniuliza kwa adabu, "Maalim, na zile hadithi nyingine ulizotusomea mwaka huu, je, nazo tuziamini?"

Ndugu zangu, swali hilo lilinikosesha usingizi. Hasara ya uwongo haiishi katika uwongo wenyewe, bali humfanya mtu aitilie shaka hata kweli aliyokuwa nayo. Na jambo hili la kumnasibishia Mtume (S.A.W.) asichosema si dogo, kwani yeye mwenyewe amemuonya anayemzulia uwongo kwa makusudi kwamba ajiandalie makao Motoni. Mimi sikukusudia, lakini asiyekusudia naye anapaswa kuchunguza.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, anawaamrisha walioamini kwamba wakijiwa na mtu fasiki na habari, waipeleleze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajutia waliyoyatenda. Wafasiri wengi wanasimulia kuwa sababu yake ni Walid bin Uqba, aliyetumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq. Alipoona watu wametoka kuja kumlaki aliogopa, akarudi Madina na habari kwamba wamekataa zaka na walitaka kumuua. Watu wale walikuwa karibu kushambuliwa, nao hawana kosa. Tazameni basi: habari moja isiyochunguzwa ilitaka kumwaga damu, na hali Mtume mwenyewe yu hai katikati yao!

Kwa ajili ya hofu hiyo wanavyuoni wetu wa mwanzo waliweka elimu ambayo umma mwingine haukuwa na mfano wake, nayo ni elimu ya sanadi. Kila hadithi ilifungwa na mlolongo wa watu: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mtume. Kisha kila mmoja katika mlolongo ule akachunguzwa ukweli wake, hifadhi yake, na kama kweli alikutana na huyo anayedai kupokea kwake. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, yaani mwaka 870 wa Miladi, alisafiri Khurasan, Iraq, Hijaz, Sham na Misri kwa ajili ya kazi hiyo. Alikuwa akitafuta hadithi, na alikuwa akitafuta pia yule anayeitoa.

Na hapa kwetu pwani tulikuwa na mfano wake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa magazeti yake mjini Mombasa, *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932, msomaji alijua ni nani aliyeandika na anakaa wapi. Asiyekubaliana naye aliweza kwenda akabisha hodi, akaomba dalili. Ujumbe wa leo tunaosambaza hauna mwenyewe wala hauna mlango wa kubisha hodi.

Basi na tuvipime vyombo hivi, kimoja kimoja, kwa swali la yule mzee.

Tuanze na Google, iliyoanzishwa mwaka 1998. Huyu ni mfano wa dalali wa sokoni. Ukimuuliza nguo, atakuonyesha maduka. Hakukuahidi kwamba nguo haitachujuka. Na pengine duka analolitaja mwanzo limelipa fedha ili litajwe mwanzo. Mtumie kutafutia, lakini usimfanye mufti. Kinachotokea juu ya orodha si lazima kiwe ndicho kilicho juu katika ukweli.

Kisha iko Wikipedia, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2001, ambayo huandikwa na watu wanaojitolea, na ina sehemu yake ya Kiswahili pia. Walimu wengi huidharau kwa kuwa takriban mtu yeyote anaweza kuibadilisha, na katika hilo wanasema kweli. Lakini mimi naiona ina sifa moja iliyo karibu na mwendo wetu: makala iliyoandikwa vizuri hutaja chini yake vitabu ilikotoa maneno, na ukurasa huweka kumbukumbu za kila badiliko lililofanywa. Mwanafunzi mwenye akili hataishia katika makala. Atashuka chini, aone vilivyotajwa, avitafute avisome. Akifanya hivyo, kimemfaa. Akinakili tu, amejidhulumu.

Ama YouTube, iliyoanza mwaka 2005, imetuletea heri isiyokanika. Mtoto wa kijijini anaweza leo kumsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, aliyefariki mwaka 1980, akisoma Kurani herufi kwa herufi, na akasahihisha ulimi wake. Lakini chombo hicho hupata fedha kwa matangazo, nacho hutaka ubaki. Ukimaliza kimoja, hukuwekea kingine, na mara umeanza na Sura Yasin ukamalizia na watu wanaotukanana. Na jihadharini na vipande vilivyokatwa: sheikh amesomesha saa nzima, mtu akachukua dakika moja, akamwacha sheikh amesema nusu ya neno. Nusu ya neno ina mpokezi, lakini mpokezi huyo ni mkasi.

Sasa tuje kwa WhatsApp, ambayo ilianza mwaka 2009, na ambayo hapana nyumba yetu isiyokuwa nayo. Kwayo tunaunga udugu, tunapeana habari za maziko na za harusi, tunachangia wagonjwa. Hayo ni mema. Lakini sikilizeni yaliyotokea Bara Hindi. Mwaka 2018 zilienea huko, kwa njia hiyo hiyo, habari za wezi wa watoto. Tarehe 1 Julai mwaka huo, katika kijiji cha Rainpada, jimbo la Maharashtra, watu watano wapita njia, maskini wanaohamahama wakiomba riziki, walidhaniwa kuwa ndio wezi wenyewe, wakapigwa na umati wa watu mpaka wakafa. Hawakuwa wameiba mtoto wa mtu yeyote. Katika kila simu iliyopitisha habari ile alikuwako mtu aliyedhani anawahurumia watoto!

Baada ya maafa kama hayo, kampuni yenyewe iliwawekea watu wa huko mpaka wasisambaze ujumbe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na mwezi wa Januari mwaka 2019 ikauweka mpaka huo kwa ulimwengu mzima. Mwaka 2020 ikapunguza, ikawa ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi upelekwe mahali pamoja tu kwa mara moja. Ujumbe wa namna hiyo hutiwa alama ya mishale miwili. Je, si aibu, ndugu Waislamu, kwamba mfanyabiashara ameuwekea mpaka ulimi wetu, na sisi tuna aya ya Hujurat vifuani mwetu? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba inamtosha mtu kuhesabiwa mwongo kuhadithia kila alichokisikia.

Cha mwisho ni hiki kipya, ambacho wengine hukiita akili bandia na wengine akili mnemba. Mashuhuri katika hivyo ni ChatGPT, iliyotolewa kwa watu wote mwezi wa Novemba mwaka 2022. Wanafunzi wetu hukiuliza kila kitu, nacho hujibu upesi na kwa lugha ya kupendeza. Kinaweza kukusaidia kufupisha, kufasiri, na kufafanua hesabu. Lakini fahamuni namna kinavyofanya kazi: kimelishwa maandishi mengi mno, na hupanga maneno yale yanayoelekea kufuatana. Kwa hiyo huweza kutunga kitabu kisichokuwako na kukitajia ukurasa. Mwaka 2023, mjini New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani hoja zenye kutaja kesi zilizobuniwa na chombo hicho. Jaji alipozitafuta hazikuonekana, akawatoza faini ya dola 5,000. Ikiwa mahakama ya dunia hukasirika kwa kesi ya uwongo, basi itakuwaje kwa hadithi ya uwongo mbele ya Hakimu wa mahakimu? Msikiombe fatwa chombo kisichosali, kisichomwogopa Mungu, na kinachoweza kukutajia mpokezi asiyekuwako.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu atughufirie mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na ahali zake na masahaba zake.

Enyi Waislamu! Wakati alipozuliwa Mama wa Waumini, Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, ziliteremka aya katika Sura ya Nur zikiwalaumu waliokuwa wakiyapokea maneno yale kwa ndimi zao wakiyaona mepesi, nayo mbele ya Mwenyezi Mungu ni mazito. Leo tunapokea kwa kidole, na kidole ni chepesi kuliko ulimi.

Kwa hiyo nawaomba wazazi na wanafunzi mambo matatu, ambayo mtu anaweza kuyaanza leo kabla ya Alasiri. La kwanza, kila habari inayoingia nyumbani kwa simu iulizwe: nani kasema, wapi, na lini? Ikikosa majibu, iachwe pale ilipofikia. La pili, kila hadithi isisambazwe mpaka itajwe kitabu chake na ikaulizwe kwa mwenye elimu. Masheikh wenu wapo. Kuwajia kwa swali hakuwachoshi, kunawafurahisha. La tatu, nalo ndilo zito: aliyekwisha kusambaza uwongo awarudie wale wale aliowapelekea, awaambie kwa ulimi wake, "Nilikosea." Kuufuta katika simu yako hakutoshi, maana bado umo katika simu zao na vifuani mwao. Toba ya neno lililoenea ni kulifuata kule lilikokwenda. Na ikiwa umemvunjia mtu heshima yake, nenda kamtake radhi.

Nilipokiri juu ya mimbari nilidhani watu watanidharau. Yule mzee akanipa mkono wa salamu, na yule mwanafunzi tangu siku hiyo huja na daftari, kila nikitaja hadithi huniuliza kitabu chake. Wallahi, simuoni kuwa mtovu wa adabu. Yeye ndiye ninayemtaraji kwa dini ya kesho.

Ee Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na utujaalie kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na utujaalie kuiepuka. Ee Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, na uwasitiri waliosingiziwa. Wape watoto wetu elimu yenye manufaa, na uwape walimu wetu subira ya kuulizwa. Waghufirie wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Waponye wagonjwa wetu, na uipe nchi yetu amani na masikilizano. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Naye atakukumbukeni. Simameni tusali.