SARAFU NA SHERIA ZAKE
Maneno ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Bariadi



Mapato na matumizi ya miaka kumi Katibu ameshayasoma, hatuyarudii. Sisi tunasema juu ya sarafu, maana sanduku letu lilianza kwa sarafu. Wako wanaouliza: kipande hiki cha chuma, nani amekipa thamani? Ni sheria. Sheria ikiiondoa thamani, kinabaki chuma tu.

Bibi zetu huku Usukuma waliliona hilo. Wakati wa Wajerumani ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali yao ikachukua kazi ya sarafu toka kwa kampuni, ikaamuru rupia iwe heller 100. Ndipo tulipopata neno "hela". Kodi ya nyumba ilikuwa imeshaanza mwaka 1898, basi hata mwenye ghala limejaa mtama ilibidi aitafute hiyo rupia.

Wajerumani wakashindwa vita. Waingereza wakaunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, makao yake London, na baadaye kidogo ikaja shilingi ya senti 100. Wazee mnazikumbuka zile senti zenye tundu katikati, zilitungwa kwenye kamba. Fedha ilikuwa ya kwetu mkononi, lakini amri yake ilitoka ng'ambo.

Baada ya Uhuru, Bunge letu lilitunga Sheria ya Benki Kuu mwaka 1965, na Juni 1966 benki ikafunguliwa. Tukapata sarafu zetu: senti 5, senti 20, thumuni, na shilingi moja yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande huu na mwenge upande ule. Sheria ikatungwa upya mwaka 1995, kisha 2006. Kutoa noti na sarafu ni kazi ya Benki Kuu peke yake. Na Kanuni ya Adhabu inamkamata anayeghushi sarafu, hata anayeikwangua ili ipite kama nzima.

Jamani, haya si ya vitabuni tu. Mwaka 2014 ilitoka sarafu ya mia tano ili kuchukua nafasi ya noti. Halafu kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, Benki Kuu ilizikusanya noti za zamani, zile za mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na mia tano ya mwaka 2010. Mwenzetu mmoja alikuwa amezifukia kwenye debe la mbegu tangu mwaka pamba ilipolipa vizuri. Alisikia tangazo hapa kikundini, mwezi wa Machi. Kesho yake tukamsindikiza benki, akabadilishiwa zote.

Jirani yake hayumo kwenye kikundi chochote. Alizitoa zake mwezi wa Mei, akazipeleka dukani kununua sare ya mtoto. Akarudishiwa. Zilikuwa karatasi tu. Alikaa chini akalia, na sisi hatukuwa na la kumsaidia ila kumchangia ile sare.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, fedha isilale chini ya godoro, ije sandukuni, kisha benki. Pili, kila mkutano tangazo la fedha lisomwe kwa sauti, na kwa Kisukuma pia, bibi zetu wasikie. Tatu, msikubali mtu aikatae sarafu ya hamsini pale sokoni: ni fedha halali kama elfu kumi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi visajiliwe. Sisi tumesajiliwa. Mlio nje, karibuni. Haba na haba hujaza kibaba.

Akina mama hoyee!