JE, ULEMAVU NI RUHUSA YA KUTUKANA?

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi kambini, katika maadhimisho ya Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, tarehe 3 Desemba)



  Umoja wa Mataifa uliitangaza siku hii mwaka 1992. Kila inapofika tunaimba, tunacheza ngoma na kuwasifu ndugu zetu wenye ulemavu kwa uvumilivu wao. Leo naomba niguse jambo ambalo huwa hatulisemi jukwaani. Mtu mwenye ulemavu akimtukana jirani yake, je, tumwache kwa sababu ni mlemavu?

Nitasimulia kisa kimoja. Sitataja zoni wala majina, na wahusika wote wawili wameniruhusu.

Kabla ya mvua za mwaka jana, mama mmoja mjane alichimba mfereji ili maji yasiingie nyumbani kwake. Sote tunajua mvua za Kigoma zinavyoifanya nyumba ya matofali mabichi. Lakini mfereji ule ulikata njia. Jirani yake ni baba asiyeweza kutembea, anatumia baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono. Asubuhi ya siku ya mgao wa chakula akakuta hawezi kupita. Akapaza sauti, akamtukana yule mama mbele ya watoto wake, akamtukana hata na marehemu mumewe.

Shauri likaletwa kwa wasuluhishi. Tulikuwa watu 5, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hatukumaliza hata nusu saa. Tulimwambia: "Mama, msamehe tu. Huyu ni kilema, ana uchungu wake." Mama akanyamaza, akakaza kitenge chake, akaondoka. Sisi tukajiona watu wenye huruma.

Jioni yule baba akafika mlangoni kwangu, baada ya kuzunguka njia ya mbali. Akaniambia: "Mwalimu, leo mmenifanya mtoto. Nimemtukana mama wa watu, na hamkuniuliza hata kwa nini. Mngenitoza faini, ningejua mmenihesabu kuwa mtu mzima. Na mfereji bado uko pale pale."

Ndugu wasikilizaji, sikulala vizuri usiku ule. Niliona kwamba huruma yetu ilikuwa imewaumiza watu wawili. Mama alirudi nyumbani na tusi lake, bila mtu wa kumwomba radhi. Baba alisamehewa matusi, lakini njia hakupewa. Sisi wasuluhishi tulichagua kazi nyepesi, kwa maana kumwambia mtu "msamehe" ni rahisi kuliko kushika jembe.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 9 inataka njia na majengo yafikike kwa watu hao. Ibara ya 12 inasema wana hadhi sawa na wengine mbele ya sheria. Katika shauri letu, ibara ya 9 ilihusu mfereji na ibara ya 12 ilihusu ulimi. Sisi tulikosea kote kuwili. Mtu mwenye haki sawa huulizwa pia juu ya maneno yake, kama wengine.

Tuliwaita tena. Baba akasema: "Mama, nilikukosea. Marehemu hakunifanyia lolote." Mama naye akajibu: "Papa, mfereji ni wangu. Nilifikiria maji, wewe sikukufikiria." Vijana wakaleta mbao 2, wakaziweka juu ya mfereji. Kumbe baiskeli ile ina gurudumu la mbele katikati, likatumbukia kati ya mbao! Hatukuwa tumemwuliza mwenye baiskeli. Alipoulizwa, alieleza, na daraja la miti na udongo likajengwa kabla ya jua kuzama. Hata leo wanapita juu yake.

Hata hivyo naomba tusiharakishe kuhukumu. Si kila kinachoonekana kuwa ufidhuli ni ufidhuli. Kiziwi usiyeitikiwa naye salamu hajakudharau, hajakusikia. Asiyeona akikupita bila kukuamkia, hakukuona. Mwenye kifafa akizinduka na kumsukuma anayemshika, akili haijamrudia vizuri. Mgonjwa wa akili anahitaji matibabu kabla ya baraza. Hapo hakuna kosa la kusamehewa, bali kuna hali ya kuelewa. Lakini aliye na akili timamu, akachagua neno la kumchoma mwenzake, huyo aombe radhi, awe ana miguu miwili au hana hata mmoja.

Chuoni tulifundishwa kumketisha mbele mtoto asiyesikia vizuri. Hiyo ni haki yake. Lakini akimpiga mwenzake, naye huonywa kama wengine. Mwalimu asiyemwonya amekwisha kukata tamaa juu yake.

Kwa hiyo nina maombi 3. Kwenu majirani: kabla ya kulalamikia ukali wa mtu, tazameni kwanza kama hamkumzibia njia. Na msianze ninyi kumwita "kiwete" halafu mkashangaa akijibu. Hujafa hujaumbika. Kwenu ndugu zetu wenye ulemavu: hasira yenu mara nyingi ina sababu, basi ileteni barazani ikiwa na sababu yake. Ukitukana, watu watazungumzia tusi lako, na mfereji watausahau. Kwenu wafanyakazi wa mashirika: mnapoandika majina yetu katika orodha ya watu wenye mahitaji maalumu, kumbukeni kwamba nao wana maneno ya kusema barazani. Waketisheni katika kamati za usuluhishi, wasingoje tu kuletwa pale kama wenye mashauri.

Sisi sote tulivuka mpaka tukiwa tumepoteza mengi. Mwingine alipoteza nyumba, mwingine mume, mwingine mguu. Kama kupoteza kungekuwa ruhusa ya kutukana, kambi hii isingekalika hata siku moja. Tusaidiane mizigo, na heshima tudaiane kwa usawa.